Hesabu ya Njaa

Anayeharakia damu katika riwaya ya distopia ya vijana hukosa uhondo wake. Chukua The Hunger Games, aliyoitoa Suzanne Collins wa Marekani mwaka 2008. Wengi huikumbuka kwa vijana 24 wanaotupwa uwanjani wauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Lakini utawala wa Panem, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, tumeshaelezwa katika sura ya kwanza, kabla ya uwanja, na tumeelezwa kwa hesabu. Mtoto akitimiza miaka 12 jina lake huingia mara moja kwenye kura ya kuwateua vijana hao, na kila mwaka huongezeka moja. Mwenye njaa huruhusiwa kuliongeza tena apate tesera, yaani nafaka na mafuta ya kumkimu mtu mmoja mwaka mzima, na anaweza kumchukulia kila aliye nyumbani kwake. Mwaka ukiisha majina hayo hayafutwi. Ndiyo maana Katniss, mhusika mkuu mwenye miaka 16, anayewalisha mama na mdogo wake, jina lake limo mara 20. Jina la rafiki yake Gale, mwenye miaka 18, ambaye kwao ni watu watano, limo mara 42.

Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Asubuhi ya kura, Katniss na Gale wanapeleka stroberi mlango wa nyuma wa nyumba ya meya. Anayefungua ni Madge, binti wa meya, amevaa gauni jeupe la gharama, na Gale anamtupia maneno makali: jina lake yeye litakuwamo mara ngapi, tano? Sheria hakuitunga Madge. Gale analijua hilo, tena wakiwa msituni ndiye anayelalamika kuwa tesera zimewekwa makusudi ili wenye njaa wawachukie wenye uhakika wa chakula cha jioni. Analijua, na bado hasira yake inamwangukia msichana aliye karibu. Makao makuu ya Panem hayana haja ya askari kila mlango ikiwa unga wenyewe umeshawagawa majirani.

Wapo watakaosema hoja hii inakikweza mno kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni mapenzi ya Katniss na Peeta, kijana aliyeteuliwa pamoja naye. Pingamizi hilo linasimama tu tukiyatenga mapenzi hayo na chakula, na Collins hakuyatenga. Ndani ya pango uwanjani, Peeta akiwa hoi kwa jeraha, Katniss anambusu, na punde parachuti inashusha chungu cha mchuzi kutoka kwa Haymitch, mshauri wao. Ujumbe anaupata papo hapo: busu moja, chungu kimoja. Biashara ni ileile ya tesera, isipokuwa sasa kinachowekwa rehani ni moyo wake, na hata yeye hajui tena lipi amelihisi na lipi ameliigiza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msomaji naye hugeuka mtazamaji, akifurahia vifo kama wanavyovifurahia matajiri wa makao makuu. Hatari hiyo ipo. Hata hivyo, mtazamaji wa Panem huona uso wa Katniss tu, ilhali sisi tunamsikia akiupanga uso huo, kwa kuwa yeye ndiye anayesimulia, kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo. Anayeziruka hesabu za tesera na za busu ili akiwahi kifo kinachofuata amejichagulia mwenyewe kiti cha mtazamaji.

Wapo walioisoma hadithi hii vizuri. Kura inapomwangukia mdogo wake Prim, ambaye jina lake limo mara moja tu, Katniss anajitolea badala yake. Umati unaombwa umpigie makofi. Unakaa kimya, kisha unainua vidole vitatu. Waandamanaji wa Thailand waliichukua ishara hiyo baada ya mapinduzi ya mwaka 2014, na wale wa Myanmar wakaitumia mwaka 2021. Hawakuchagua upinde wa Katniss wala ushindi wowote wa uwanjani, bali kitendo cha majirani waliogawanywa kwa unga, siku walipokataa kwa pamoja kupiga makofi.