Maua katika kopo ya tomati, na mgomba wenye kuyashika

Binti ya mwanamemba mmoja wa koperative yetu alikuwa anaenda kuolewa siku ya posho. Familia ilituma kijana mjini aulize bei ya kukodisha maua ya plastiki ya kupamba fasi ya kukaa maarusi. Kijana akarudi na bei: ni sawa na mbuzi mzima, na usafiri haujahesabiwa. Baba alinyamaza. Mbuzi alikuwa naye, lakini ule mbuzi ulikuwa ndio minervali ya watoto wawili.

Sisi wamama tukamwambia: baba, acha mbuzi wako apumzike. Hapa Kalehe, kati ya ziwa na milima, maua iko mingi kuliko watu wa kuyaangalia. Yenye kukosekana ni vyombo tu. Basi kila mmoja wetu akarudi nyumbani kutafuta kile ambacho hakifai tena kwa kupika wala kuchota maji.

Tulipata makopo ya tomati na ya maziwa ya unga, sufuria tatu zenye kutoboka, beseni moja yenye kupasuka mdomo, vitunga vya zamani, na bidoni za litre 5 za mafuta ya kula. Bidoni inakatwa kwenye mabega kwa kisu chenye makali, halafu unatia mchanga ama mawe chini, juu ya upepo wa ziwa usiangushe kila kitu wakati pasta anahubiri. Sufuria yenye kutoboka inafaa sana: ndani yake unaweka kopo yenye maji, hakuna mtu ataona. Makopo tuliyafunika kwa vipande vya vikwembe vilivyobaki kwa mshonaji. Bidoni tukazifunga na magome makavu ya mgomba, na kamba ya mgomba vilevile. Mama mzee mmoja alisema zinafanana na vitunga vya bei. Hatukumpinga.

Chombo kimoja tulikikataa: chupa na bidoni za dawa ya kunyunyizia mashamba. Hata ukiosha mara kumi, sumu inabaki ndani ya plastiki. Utasema ni kwa maua tu, lakini kesho yake sherehe imekwisha, mtoto anaokota ile bidoni nzuri na kwenda nayo kwenye chemchemi. Ile inaoshwa mara tatu, maji yake inamiminwa ndani ya pompe ya kunyunyizia dawa, halafu inatobolewa ili isitumike tena.

Kwa maua, tulishuka bondeni kuchukua yale meupe yenye umbo la tarumbeta iliyo wazi, ambayo wengine wanaita aromu. Tukaongeza bugenvile za kwenye lupango, vichwa vya mafunjo, masuke ya mtama, na matawi ya mkaratusi kwa kujaza. Kata asubuhi sana, kabla ya jua. Kata shina kwa mshazari, na ondoa majani yote ambayo yataingia ndani ya maji, maana yanaoza na kuua maua mbio. Katika litre moja ya maji tunatia kijiko kikubwa cha sukari na nusu ya kijiko kidogo cha javeli. Sukari inalisha maua, javeli inazuia uozo. Maji ile si ya kunywa, na watoto waambiwe. Aromu nayo inachoma mdomo ukiitafuna. Na yale maua makubwa yenye kuning'inia kama kengele, yanayonukia sana jioni, tuliyaacha kwenye lupango: yana sumu kali, na mezani kuna watoto na sahani za chakula.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Maua marefu hayasimami peke yake ndani ya beseni. Mjini wanatumia sifongo ya kununua. Sisi tuko na kitu bora: shina la mgomba. Unakata kipande cha urefu wa mkono, unakilaza ndani ya beseni, unatoboa matundu na kijiti, unachomeka maua. Shina lina maji yake lenyewe, na maua yanakaa mabichi tangu asubuhi hadi usiku. Kwa mlango wa shamba la sherehe tulisimamisha migomba mizima pande mbili, kama desturi yetu, na maua juu yake. Ilikuwa nzuri sana. Watu waliuliza tumekodisha wapi.

Ila mashina yale tuliyatoa katika mashamba mane, kwa mpanga mmoja. Kesho yake, mpanga uleule ulipita kwetu kupunguza machipukizi na kukata majani.

Miezi miwili haijatimia, migomba ikaanza kunyauka kwa mama mjane mmoja kati yetu. Majani yaligeuka manjano na kuvunjika kama yaliyopitiwa na moto. Mkungu ulianza kuiva kabla ya wakati, kidole hapa kidole pale, na ukipasua ndizi, ndani ni kahawia. Agronomi alipokata shina, kiisha muda kidogo, usaha wa manjano ukatoka. Ni mnyauko wa migomba, ule ambao katika nchi yetu ulionekana mara ya kwanza huko Masisi mwaka 2001, na ambao hauna dawa ya kunyunyizia. Haumdhuru mtu, lakini unamaliza shamba. Kwa yule mama, migomba ni kasiksi, na kasiksi ndiyo chumvi, sabuni na shule.

Tulikaa na aibu. Tulirudi kuangalia yale mashamba mane, na katika moja, upande wa mbali, kulikuwa na migomba yenye kunyauka tangu zamani. Mwenyewe alidhani ni jua. Hatukumlaumu. Sisi ndio tulioingia na mpanga bila kutembeza macho shambani. Hakuna mwenye kuweza kuapa kwamba ugonjwa ulipitia pale, maana wadudu pia wanaubeba kutoka ua la mgomba hadi lingine. Lakini mpanga ni njia yake kubwa, na mpanga ulikuwa mikononi mwetu.

Kwa yule mama tulifanya kazi kwa zamu. Kila wiki tulikata shina lenye alama, chini kabisa karibu na udongo, tukalirundika palepale shambani bila kulihamisha, na mbuzi hawakuruhusiwa kupita. Ua dume tulilivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu vichane vya mwisho vilipotoka. Leo migomba yake inasimama tena, ingawa si yote.

Mapambo hatukuyaacha. Ila sasa shina la mapambo linatoka shamba moja tu, lile la mwenye sherehe kama ni zima, na linakuwa shina ambalo mkungu wake umekwisha kuvunwa. Wawili kati yetu wanalizunguka shamba zima kwanza. Mpanga unapitishwa motoni hadi usiguswe kwa mkono, kabla ya kukata na kiisha kukata. Shamba likiwa na ugonjwa, ama tukiwa na mashaka, hakuna shina: tunakunja kipande cha waya wa banda la kuku, tunakitia ndani ya sufuria, na maua yanasimama vilevile. Kusema kweli waya haupendezi kama mgomba, na maji yanataka kuongezwa mchana. Sherehe ikiisha, mashina yanabaki kwa mwenye shamba. Hakuna wa kubeba kipande kwenda kulisha mbuzi wake. Makopo tunamwaga maji siku ileile, juu ya mbu, na tunayaweka yamepinduliwa katika depo ya koperative, pembeni ya magunia ya kahawa.

Posho inayokuja tuko na arusi nyingine. Baba ya kijana amekwisha kutuonyesha shina lake: amelifunga kamba nyekundu, na ametuomba tukuje na moto wetu.