Themostati Si Pambo la Nchi za Baridi

Mara nyingi kupita kiasi, na wiki hii mara tatu kabla ya adhuhuri ya Jumatano, nimeulizwa suali lile lile na waungwana wasiojuana: "Fundi, gari langu linatetemeka likisimama kwenye taa na linamisi nikikanyaga mafuta, ninunue plagi za aina gani?" Jawabu langu la kwanza huwa suali vilevile, nalo huwakera, maana huwauliza gari lilitoka gereji lini na lilipelekwa kutengenezwa nini, na aghalabu, baada ya kusitasita kama mgonjwa anayeficha kwamba alipita kwa mganga kabla ya kuja kwa tabibu, muulizaji hukiri kwamba majuma mawili nyuma gari lilikuwa likichemsha, rejeta ikazibuliwa, mpira mmoja wa maji ukabadilishwa, na tangu hapo, alhamdulillahi, halikuchemsha tena. Kwake yeye mambo haya mawili hayana nasaba: maji ni maji na plagi ni plagi.

Nasaba ipo, tena ya karibu. Ila iliyozuka baada ya matengenezo ni ya matengenezo hayo mpaka ithibitike vinginevyo, na lililo wajibu kuulizwa kwanza ni nini kilichoguswa, nini kilichofunguliwa kisifungwe, na nini kilichotolewa kisirudishwe. Katika hilo la mwisho hakuna chombo kilichodhulumiwa kuliko themostati, kile kizibo kidogo chenye nta ndani ya kifuko cha shaba, kikaacho katika njia ya maji ya injini. Itikadi iliyoenea toka Mombasa hata Mbeya ni kwamba Wajapani walikiweka kwa ajili ya theluji yao, na kwamba katika nchi za jua ni kizuizi kitupu, ambacho fundi mwenye huruma hukitoa ili maji yapite kwa uhuru. (Nimeisikia itikadi hiyo Mbeya kwenyewe, mwezi wa Julai, kutoka kwa mtu aliyevaa makoti mawili.)

Hujja hii ni batili kila upande uishikapo. Namba 82 iliyopigwa chapa juu ya themostati nyingi haina habari na joto la mtaani: ni joto la maji ambalo nta huanza kuyeyuka, ikafutuka na kusukuma kilango kifunguke, na maji yanapofika digrii 95 kilango huwa kimekwisha kuachana na kiti chake kwa milimita nane au zaidi. Injini inayochemsha, basi, imekwisha kufunguliwa mlango zamani. Na ikiwa kilango kimeganda kisifunguke, dawa yake ni kununua kingine, si kuacha ukumbi bila mlango. Ama hiyo theluji ya Wajapani, Agosti ya Tokyo haina huruma kuliko Februari ya Dar es Salaam, wala sijasikia kwamba Wajapani hung'oa themostati zao kiangazi kiingiapo. Ajabu ni kwamba hata wale wanaokitetea chombo hiki humtetea mtuhumiwa kwa ushahidi wa uongo, wakidai kuwa pasipo themostati maji hupita katika rejeta mbio mno hata yakakosa nafasi ya kupoa; jambo ambalo haliwi, kwa kuwa maji hayo hayo hurudi tena na tena, na mwendo mkali hausitishi joto kutoka. Adha ya kweli ni nyingine: katika injini kadha wa kadha, za Toyota zikiwamo, themostati ina kisahani cha pili upande wa chini, ambacho kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ipatapo moto, na ukiitoa themostati njia hiyo hubaki wazi daima, maji mengi yakazunguka humo kwa humo bila kufika kwenye rejeta, likachemsha gari lile lile ulilotaka kulipoza.

Na pale lisipochemsha, ndipo zizaliwapo hizi plagi. Kompyuta ya gari haina macho. Hujua hali ya injini kwa sensa ya joto la maji, ambayo ukinzani wake, katika magari mengi ya Kijapani, huwa om 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa digrii 20, na hushuka hadi kati ya om 200 na 400 yakifika digrii 80. Maji yasiyozuiliwa na kitu yakizunguka kwenye digrii 50 mchana kutwa, kompyuta huamini kuwa ndiyo kwanza kumepambazuka na gari limewashwa sasa hivi, ikaongeza petroli kama iongezavyo alfajiri, na petroli hiyo ya ziada, ikiwa imekuta kuta za silinda hazina moto wa kuigeuza mvuke, husiliba plagi kwa masizi meusi na kuteremka kuizimua oili. Plagi mpya huponya, naam, kwa muda wa majuma mawili, mpaka nazo zisilibwe. Na muda huo wa nafuu ndio uliomthibitishia mwenye gari kwamba ugonjwa ulikuwa wa plagi. Kwenye dashibodi sindano ya joto imelala chini kabisa, naye ameifurahia.

Ikiwa themostati ipo mahali pake, upesi basi. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe? Hewa imenaswa katika njia za maji: injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, inua pua ya gari, fungulia hita kwa moto wote, washa, na ujaze maji kadiri mapovu yatokavyo, mpaka feni iwake na mapovu yakome. Feni haipumziki na injini inavuta vibaya? Soketi ya sensa haikurudishwa, au imechomekwa sensa mpya isiyo ya gari hilo. Unasikia mluzi karibu na mpira wa hewa? Ulilegezwa kupisha mkono na haukukazwa. Maji yamemwagika juu ya injini? Ng'oa plagi, kausha mashimo yake, na uhakikishe kila waya umerudi kwenye silinda yake. Pampu ya maji imebadilishwa katika injini ambayo taimingi belti ndiyo inayoizungusha, kama 3S-FE? Kagua alama za taimingi. Jino moja latosha kuharibu. Na likimisi asubuhi tu kwa nukta chache, likatoa moshi mweupe mzito, na maji yakapungua pasipo kuvuja, acha kulitembeza, uweke kwenye shingo ya rejeta kipimo chenye ile dawa ya buluu igeukayo manjano ikutanapo na hewa ya moshi, kwani huenda gasketi ya silinda hedi iliungua siku lilipochemsha.

Bwana wa tatu wa Jumatano alikuwa na fundi mwaminifu, aliyemrudishia themostati yake ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti; ilikuwa ndani ya dashibodi, chini ya risiti za plagi. Tuliitundika kwa uzi katika sufuria ya maji, na kipimajoto pembeni, tukawasha jiko. Ilifunguka kwenye 82.