Usikimbilie Biki Nyekundu

Wewe kijana unayesoma pedagojia, nawe muzazi unayemulipia masomo, leo nataka tuongee juu ya siku ya kwanza ya mwalimu-stajeri katika inchi ya kigeni.

Usiwaze Ulaya. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90 tu. Ukivuka mupaka uko Zambia, na muji wa migodi ulio karibu ni Chililabombwe. Watu wa kule wanachimba shaba kama sisi. Hata Kibemba kinasikilika pande zote mbili, maana zamani wazee wengi walitoka kule kuja kufanya kazi ya Union Minière, ile kampani iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Kwa hiyo mutu anaweza kusema: «Kule ni kwetu tu, hakuna neno.» Binti mumoja wa kanisa letu alisema vile. Sikiliza yaliyomupata.

Alifika mwezi wa kwanza, maana kule mwaka wa masomo unaanza Januari, si Septemba kama kwetu. Alikwenda kusaidia kufundisha Kifaransa. Alipoingia katika kalasi, watoto wote wakasimama, wakamusalimu kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Akawajibu kwa Kibemba: «Muli shani?» Kalasi yote ikacheka kwa furaha, wakaitika: «Bwino!» Moyo wake ukatulia.

Kisha mwalimu mwenye kalasi akamupa makaye ya hesabu ayasahihishe. Kazi ilikuwa rahisi: kuandika elfu mbili na mia tano kwa tarakimu. Watoto waliandika 2,500. Binti yetu akashika biki nyekundu, akakata kaye ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka 12.

Sababu unaijua. Sisi tunaofuata Kifaransa, mukato unatenga nambari nzima na sehemu yake: 2,5 ni mbili na nusu. Machoni pake watoto walikuwa wameandika mbili na nusu. Lakini wanaofuata Kiingereza wanaandika mbili na nusu kwa nukta, 2.5, na ule mukato wanautia kusudi kutenga maelfu. Watoto walikuwa na haki.

Mutoto mumoja wa kike akaleta kaye yake, machozi yanamulenga. Akasema polepole kwamba hivi ndivyo walivyofundishwa mwaka uliopita. Hapa, ndugu musomaji, ungefanya nini? Kwetu wengi wangesema: «Nyamaza, rudi ukaikale!» Maana tumezoea kwamba mwalimu hakosi, mutoto ndiye anakosa.

Binti akamuuliza mwalimu mwenye kalasi, akaelezwa. Jasho likamutoka. Angeweza kunyamaza na kuficha yale makaye. Lakini akarudi mbele ya tablo, akaandika namna zote mbili, ya kwetu na ya kwao, akawaambia watoto kwamba yeye ndiye aliyekosa. Akaita wale 12 mumoja mumoja, akawarudishia maksi yao.

Aliporudi aliniambia: «Pasteri, niliwaza kesho yake hawataniheshimu tena. Lakini kwa mapumuziko walikuja kuniuliza kugawanya tunaandika namna gani kwetu.» Hata pale kuna tofauti: kwetu nambari inayogawanya inawekwa upande wa kuume, kule inawekwa upande wa kushoto. Lile kosa lake likazaa somo zuri kuliko lile alilotayarisha.

Kijana wangu, ukienda kufundisha kwa wengine, salamu ya kwao itakufungulia mulango. Lakini kufanana kwa lugha si kufanana kwa kila kitu. Siku ya kwanza omba makaye ya mwaka uliopita, uangalie namna wanavyoandika, uulize. Biki nyekundu ije nyuma. Na ukikosa mbele ya watoto, tengeneza mbele ya watoto, si kwa siri katika biro ya direkteri.

Nawe mwalimu unayebaki hapa kwetu, na wewe muzazi: kuna jamaa zinazorudi kutoka Zambia na watoto wao. Siku mutoto wa vile atakapoandika 2,500 katika kaye yake, usimupigie kelele. Muulize kwanza: «Kule mulikotoka mulikuwa munaandika namna gani?»