Udongo wa kufinyanga umechimbwa wapi?

Mwalimu mmoja wa darasa la awali mjini Runzewe, wilayani Bukombe, hakuishia kuandika "udongo" kwenye nafasi ya zana katika andalio lake la somo. Ameandika utoke kwenye kichuguu, kisha akaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba wa mtoni ni marufuku. Somo lenyewe ni kufinyanga vyombo vya nyumbani. Sasa kalamu nyekundu ya nini?

Jibu lake linaanzia kwenye mialo, kule wachimbaji wadogo wa ukanda huu wanakooshea mchanga uliosagwa kwenye karasha na kunasa dhahabu kwa zebaki. Maji yakiteremka mtoni huteremka na tope. Ni laini, linanata, halina kokoto. Mtoto akilishika haliachi. Hapo ndipo penye hofu ya mwalimu: mtoto wa miaka mitano hufinyanga chungu na papo hapo akajilamba vidole. Na vyungu vikikaushwa motoni, zebaki iliyomo hugeuka mvuke, darasa zima likauvuta.

Basi mwishoni mwa wiki hubeba jembe na ndoo. Hutafuta kichuguu kilichohamwa, kilicho mwinukoni, mbali na mialo na mbali na barabara kuu ya malori ya Rwanda na Burundi. Akifika nyumbani huvunja madonge, hutoa mizizi, hutwanga, huchekecha, huloweka usiku kucha, kisha hukanda mpaka udongo uache kushika viganja. Huufunika kwa kitambaa kibichi usipasuke. Asubuhi kila mtoto hupewa donge linalolingana na ngumi yake mwenyewe. Likizidi, anasema, mkono mdogo huchoka kabla chungu hakijapata mdomo.

Rangi nazo zina masharti. Unga mweusi wa betri kuukuu, uliopakwa ubaoni katika shule nyingi za zamani, hautaki kabisa. Mweusi wake ni mkaa uliosagwa, njano ni manjano ya jikoni, nyekundu ni choya iliyochemshwa. Gundi ni uji mzito wa muhogo, brashi ni kijiti kilichopondwa ncha, na karatasi ni maboksi ya dukani yaliyopasuliwa.

Sera ya Elimu ya 2014 iliingiza mwaka wa awali katika elimu ya lazima, na mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wake wanapita hapo, na bajeti ya udongo haipo.

Watoto wenyewe hawafuati andalio. Akisema chungu, wapo wanaofinyanga karasha, wapo wanaochimba duara, yaani shimo la wachimbaji, katikati ya donge na kutumbukiza kijiti kiwe ngazi. Yeye huwaacha. Kwake, kazi ya kupanga ni kuandaa mikono na vifaa. Kitakachotoka ni cha mtoto. Lakini mtoto anayefinyanga duara kila wiki anacheza tu, au anajiandaa kushuka? Mwalimu alinitazama, akaendelea kukanda.

Kuna jambo jingine linalokwaza. Watafiti wa madini huchukua sampuli za vichuguu kwa sababu mchwa hupandisha udongo wa chini. Kinachomvutia mtafuta dhahabu ndicho kinachopaswa kumtia mwalimu wasiwasi: huko chini, pamoja na dhahabu, huenda kuna aseniki. Kichuguu ni salama kuliko tope la mwalo, lakini nani amekipima?

Serikali haijalala. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina kituo cha mfano cha uchenjuaji Katente, humu humu Bukombe, cha kuwafundisha wachimbaji njia isiyohitaji zebaki. Mchimbaji amekumbukwa. Darasa la awali bado.

Halmashauri za ukanda wa dhahabu zichukue kopo moja la udongo kutoka kila mahali shule inapochimba na kulipeleka maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kazi ya kupima isiachiwe jicho la mwalimu mwenye ndoo. Nawe mzazi, mwanao akirudi na chungu, kisifie kwanza, halafu uliza udongo wake ulichimbwa wapi.