Moshi Ilijua Ushauri Nasaha Kabla ya Korona

Mwaka 1990 wanawake wa Moshi walianzisha KIWAKKUKU, Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi bado hazikuwafikia wagonjwa wa kawaida. Vijana wa Kichaga waliokwenda kutafuta maisha mijini walikuwa wakirudi wamedhoofu, wakauguzwa na mama zao na kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Hospitali ya KCMC ilikuwapo tangu 1971, lakini daktari akishatoa majibu, kazi nyingine ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nani amwambie mke? Watoto watalelewa na nani? Na huyu anayesema heri afe leo, nani ataketi naye?

Zamani mtu wa Rombo au Machame mwenye dhiki ya moyo alikwenda kwa padri, mchungaji, mganga au wazee wa ukoo. UKIMWI ulileta mshauri nasaha: chumba, viti viwili, mlango uliofungwa na ahadi ya kutunza siri. Kabla ya kupima huuliza, “Majibu yakitoka, utamwambia nani kwanza?” Kwa swali hilo mtu huanza kujipanga kabla hajatobolewa kidole, na mshauri humtambua mapema yule asiye na wa kumwambia. KIWAKKUKU iliwasaidia pia wazazi wagonjwa kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, humo wakieleza asili ya ukoo na ndugu walipo.

Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, mahitaji yaligeuka. Watoto waliozaliwa na virusi walikua, wakaanza kuuliza kuhusu mapenzi, ndoa na bweni la shule ambako hakuna pa kuficha vidonge.

Kwa ajili yao watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa mpango wa Sauti ya Vijana. Vikundi hukutana mara kumi, mara mbili kati ya hizo pamoja na walezi, na kila kijana ana vikao viwili vya peke yake. Wanaoongoza ni vijana waliofunzwa, wala si madaktari wa akili. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hiyo, maana wataalamu hao nchini ni wachache mno.

Kisha ikaja korona. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na kwenye Mlima Kilimanjaro wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa, wakakosa mizigo ya kubeba. Ada za shule na deni la dukani havikungoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Lakini vikundi vya Sauti ya Vijana vilikuwa vya wenye VVU. Mgumu aliyekosa usingizi kwa sababu ya deni havikumhusu.

Si lazima iendelee hivyo. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa Harare kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa walipata nafuu. Moshi ina vijana waliokwisha kuongoza vikundi. Zahanati za Marangu na vyama vya wapagazi vinaweza kuanza nao.