Mgongo Ukiuma, Shamba Husimama

Ndugu wakulima, tangu Kitale hadi Ndalu na Tongaren kule Bungoma, mahindi yanapovunwa watu wengi huonekana wameshika kiuno. Mmoja husema, "Ni baridi." Mwingine husema, "Ni figo." Mara nyingi sababu ni namna tunavyofanya kazi.

Sababu ya kwanza ni gunia. Msimu mmoja niliinua gunia la kilo 90 peke yangu. Niliinama magoti yakiwa yamenyooka, kisha nikajipinda ili nilitie katika mkokoteni. Siku tatu sikuweza kufunga viatu vyangu. Basi, jaza magunia madogo, na mwite jirani akusaidie. Chuchumaa, weka mzigo karibu na kifua, uinuke kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.

Sababu ya pili ni kuinama kutwa wakati wa palizi. Jembe lako litie mpini mrefu, na kila baada ya muda simama unyooshe mgongo.

Ya tatu ni mizigo ya akina mama, ambao huteka maji na kubeba kuni huku mtoto yu mgongoni. Baba mwenye punda au mkokoteni, usiuweke kwa mahindi tu.

Maumivu ya namna hii kwa kawaida hupungua baada ya siku au wiki chache. Haifai kulala kitandani kutwa. Tembea, ufanye kazi nyepesi.

Lakini yako maumivu ya namna nyingine. Ukiwa na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda hospitali, kwa maana kifua kikuu huweza kuingia katika mifupa ya mgongo. Vilevile maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela, ule unaofanya ng'ombe watupe mimba, nao huumiza mgongo na viungo. Chemsha maziwa kila siku. Na miguu ikikosa nguvu, ukifa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpini wa jembe ukivunjika, utapata mwingine sokoni. Mgongo hauuzwi Kitale wala Bungoma. Utunze.