"Mathe, Niandikie": Vile Deni ya Duka Hufanya Kazi Kesses

Kama umewahi kusoma Moi pale Kesses, hii stori unaijua. Ni tarehe ishirini na kitu, umesota, HELB bado, na kwa keja imebaki chumvi tu. Unaenda hadi duka ya mtaa, unainama kwa dirisha ya waya, unasema polepole: "Mathe, niandikie."

Na Mathe anakuandikia. Hakuulizi kitambulisho. Anafungua kile kitabu cha kurasa zimekunjika, anaandika jina na pesa, basi. Ugali ya leo imeokoka.

Sasa elewa hesabu yake. Duka kama hizi huishi kwa kadogo: mafuta ya kupima ya mbao, sukari ya finje, sabuni kipande. Hiyo ndio huokoa msee hana doo ya pakiti nzima. Lakini faida ni nyembamba sana. Tuseme pakiti ya maziwa inamwachia bob tano. Ukihepa na deni ya soo tano, lazima auze pakiti mia moja ndio arudi pale alikuwa. Na stoki akienda kuitoa Eldoret, zaidi ya kilomita 30, hatalipa na jina lako. Huko wanataka keshi.

Utasema kuna Fuliza. Kweli, tangu 2019 unaweza kukopa kwa simu hata saa nane usiku. Lakini Fuliza hukata ada. Kitabu cha Mathe hakina ada. Dhamana yako ni sura na jina, na jina ikiharibika si wewe pekee unaumia. Fresha wa mwaka ujao atapata kibao: "Mkopo leo hapana, njoo kesho."

Kumbuka 2024, Moi ilipofungwa juu ya mgomo wa wafanyakazi. Makomredi walipanda matatu wakaenda kwao. Deni hazipandi matatu. Hubaki kwa kitabu, na mwenye duka hubaki nazo.

So ukikopa, sema siku utalipa. Ukikwama, usianze kupitia njia ya nyuma. Ingia umwambie, lipa mos mos. Na chuo ikifungwa, pitia dukani kabla ya steji.

Na wewe ulimaliza kitambo, ukahama na soo mbili ya mtu? Namba yake bado unayo. Tuma leo.